Butiloda Haijibu: Kutafuta Hitilafu Kabla ya Kuziba Kisanduku

Ukiiua chipu ya ATmega328P, kompyuta ndogo ya chipu moja, ukiwa Nairobi, unavaa viatu ukanunue nyingine. Ukiiua Lamu, unapiga simu Mombasa, unatuma pesa, chipu inapanda basi kupitia Malindi hadi Mokowe, inavuka kwa boti, halafu unazunguka gatini kumtafuta kijana aliyepewa kifurushi. Ndiyo maana huku mtu hujifunza kuihoji chipu kabla ya kuihukumu.

Mradi wangu ni kisanduku cha kupima maji ya bahari. Kimefungwa kwenye nguzo ya gati dogo upande wa Shela, kihisi chake kinatazama chini, na kila baada ya dakika 5 kinarekodi maji yako umbali gani. Manahodha wa hapa wanajua kupwa na kujaa bila mashine ya mtu. Wanautazama mwezi, basi. Lakini anayetaka kupita mkondo wa Mkanda kwenda Pate na mzigo mzito hapendi kubahatisha, na mimi nikaona hicho ni kisingizio kizuri cha kununua vipuri.

Ndani kumejazwa epoksi, kwa sababu chumvi ya hapa hula shaba iliyo wazi hadi ikawa kijani. Kinachotoka nje ni nyaya nne tu: umeme, ardhi, kutuma na kupokea. Ukishaziba, pini za kuandikia chipu huzifikii tena. Ukitaka kubadilisha programu, lazima chipu ijiandike yenyewe, na anayeifanya kazi hiyo ni butiloda: programu ndogo inayokaa mwisho wa flashi (kumbukumbu ya programu), inayoamka kabla ya nyingine zote, inasikiliza kwenye waya kama kuna programu mpya, na isiposikia kitu inaipisha programu kuu. Butiloda za tayari zipo, Optiboot ndiyo maarufu, lakini hiyo hutarajia waya wa DTR, waya wa ishara wa adapta ya siriali, uigonge pini ya riseti (ya kuianzisha chipu upya) kila unapopakia, na waya wa tano mimi sina. Nikaandika ya kwangu. Yafuatayo ni yale yaliyonipata, nimeyapanga kwa dalili.

Kabla ya dalili yoyote, fanya hivi. Chomeka USBasp, kifaa cha kuandikia chipu, usiandike kitu, soma tu kwa avrdude, programu ya kompyuta inayoongea na chipu:

avrdude -c usbasp -p m328p -U lfuse:r:-:h -U hfuse:r:-:h -U efuse:r:-:h

Ukipata saini (namba ya kuitambua chipu) na fyuzi tatu (baiti za mipangilio yake), ziandike kwenye karatasi. Nusu ya saa nilizopoteza kwenye mradi huu nilizipoteza nikirekebisha programu ilhali kosa lilikuwa kwenye waya au kwenye fyuzi.

Kompyuta haioni kitu

Hili nalipita haraka. Kwanza badilisha kebo. Kebo nyingi za USB zinazouzwa dukani ni za kuchajia tu, ndani zina nyaya mbili badala ya nne, na hazibebi data hata uziombe vipi. Kwenye Linux, hakikisha umo katika kundi la dialout. Na ukiwa na Ubuntu 22.04 na adapta yenye chipu ya CH340, ukiona mlango wa siriali unatokea halafu unapotea papo hapo, mshukiwa ni brltty, programu ya kuwahudumia wasioona kwa maandishi ya nukta. Huidhani adapta yako ni kifaa chake na kuinyakua. Kama huihitaji, iondoe.

Saini ni 0x000000 au 0xffffff

Saini ya ATmega328P ni 1E 95 0F. Sifuri tupu au F tupu maana yake hukuongea na chipu. Uliongea na waya.

Anza na umeme, na usiutazame kwa macho, upime kwa mita. Kwenye chipu ya miguu 28, weka ncha moja ya mita kwenye mguu wa 7 na nyingine kwenye wa 8, palepale kwenye miguu, si kwenye bredibodi. Kisha mguu wa 20 na wa 22. Wengi huusahau wa 20, AVCC, wakidhani ni wa vihisi tu. Chipu inaweza kuamka nusunusu bila huo, na nusunusu ni kubaya kuliko kutoamka, maana inakudanganya.

Halafu nyaya zenyewe. Kwenye siriali tumezoea kuvusha: kutuma kwa huyu kunaenda kupokea kwa yule. Kwenye SPI, njia ambayo USBasp huongea na chipu, hakuna kuvusha. MISO kwa MISO, mguu wa 18; MOSI kwa MOSI, mguu wa 17; SCK, waya wa mapigo ya saa, mguu wa 19; riseti mguu wa 1. Mpwa wangu alivusha kwa mazoea, akaniambia, "Mjomba, chipu imekufa." Haikuwa imekufa.

Ikiwa nyaya ni sawa, tazama kasi. Chipu mpya kutoka kiwandani inatembea kwa MHz 1, kwa sababu fyuzi ya chini ni 0x62: saa ya ndani ya MHz 8 ikigawanywa kwa nane. Kasi ya SCK lazima iwe chini ya robo ya kasi ya chipu, yaani chini ya kHz 250. USBasp kwa kawaida huenda kwa kHz 375. Inasema upesi, chipu haifuati. Ongeza -B 10 kwenye amri, itashuka hadi takriban kHz 94, na mara nyingi saini inatokea hapo hapo.

Na kama chipu imeshawekewa fyuzi za kristali (kipande cha nje kinachoipa chipu mapigo ya saa), basi kristali isiyopiga ni sawa na moyo usiopiga. Hapa nina kisa. Ubao wangu wa kwanza ulikaa dirishani wiki tatu za kusi, bila kufunikwa. Siku moja saini inatoka, siku ya pili haitoki. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha USBasp, nikabadilisha laptopu. Mwisho nikauweka chini ya kioo cha kukuzia: kati ya mguu wa 9 na wa 10, pale kristali ilipolehemiwa, kulikuwa na utando wa kijani mwembamba kama ukungu kwenye mkate, umepanda juu ya mabaki ya risini ya kulehemu. Unyevu ukizidi, utando unapitisha umeme kidogo, kristali inazimika. Jua likipanda unakauka, chipu inafufuka. Mswaki wa zamani na spiriti vilimaliza kazi kwa dakika mbili. Tangu hapo ubao wangu wowote unasafishwa risini siku ileile ya kulehemu, na kapasita mbili za pikofaradi 22 nazilehemu karibu kabisa na kristali.

Saini imetoka, lakini si ile

Ukipata 1E 95 14, chipu yako ni ATmega328 isiyo na P. Kwa mradi kama huu ni ndugu wa tumbo moja. Mwambie avrdude -p m328 badala ya m328p. Usitumie -F kulazimisha kama desturi. Siku moja utalazimisha kwenye chipu ambayo si ndugu kabisa.

Iliongea jana, leo baada ya kuandika fyuzi imenyamaza

Kwenye chipu hizi sifuri ndiyo ndiyo. Biti ya fyuzi ikiwa 0 imewashwa, ikiwa 1 imezimwa. Kila mtu hulijua hili baada ya kuliharibu mara moja.

Mimi nilikusudia kuandika fyuzi ya chini 0xE2, saa ya ndani ya MHz 8. Kidole kikaandika 0xE0. Tofauti ni biti moja, lakini maana yake ni kwamba chipu sasa inasubiri saa iletwe kutoka nje kwenye mguu wa 9, na kristali haitoshi; inataka mawimbi ya mraba kabisa. USBasp ikaniletea sifuri tupu. Hii haijafa. Chukua Arduino Uno, andika programu fupi inayofanya Timer1 igeuze pini ya 9 kwa kila pigo, upate MHz 8. Unganisha ardhi na ardhi, pini hiyo ipeleke kwenye mguu wa 9 wa chipu yako, kisha soma tena. Saini ikitoka, rudisha fyuzi upesi kabla hujapumua.

Ambayo ni kifo kwa wengi wetu ni RSTDISBL, biti ya juu kabisa ya fyuzi ya juu. Ukiiwasha, mguu wa riseti unageuka kuwa pini ya kawaida na USBasp haina tena mlango. Kuirudisha kunahitaji kifaa cha voti 12. Kama huna, chipu hiyo iweke kwenye mkebe wa kumbukumbu.

Kwa butiloda yangu ya KB 1, fyuzi ya juu ni 0xD4. Nayo husomeka hivi: SPI imewashwa, EEPROM (kumbukumbu ndogo ya data) isifutwe chipu inapofutwa, eneo la butiloda ni baiti 1024, na chipu ianzie huko. Usininakili kama eneo lako ni la ukubwa mwingine. Kwa baiti 512 biti hubadilika, na EEPROM yako huenda huna haja ya kuilinda. Mimi ninaweka humo kimo cha nguzo, nilichokipima kwa kamba maji ya bamvua yalipokupwa, na sitaki kurudi kupima.

Jambo moja dogo la kukutoa wasiwasi: ukiandika fyuzi ya ziada 0x05 na ukisoma unaona 0xFD, au avrdude la zamani linalalamika kuwa hazilingani, hakuna kosa. Biti tano za juu hazitumiki, na matoleo hutofautiana namna ya kuzionyesha.

"not in sync"

Huu ndio ujumbe unaowatoa watu machozi: avrdude anaita mara kumi, butiloda haiitikii. Kama umevusha TX (kutuma) na RX (kupokea) sawasawa na ardhi mbili zimeunganishwa, yamebaki mawili: ama umeita wakati butiloda imeshaondoka, ama mnaongea kwa kasi mbili tofauti.

La kwanza ni la muda. Mwenye waya wa DTR anaweka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya DTR na riseti, na kiloomu 10 kutoka riseti kwenda voti 5, na inajipiga riseti yenyewe. Mimi niliamua kwa njia mbili. Umeme ukiwashwa, butiloda inasubiri sekunde 3. Na programu kuu ikiwa inaenda, ikisikia neno maalumu kwenye siriali inawasha wachidogi (kipima-muda kinachoipiga chipu riseti programu ikikwama) na kujifungia kwenye kitanzi mpaka ipigwe riseti. Wachidogi hii ina hadithi yake huko mbele.

La pili ni la hesabu, na watu hulidharau. Kwa saa ya MHz 8, ukiomba kasi ya 115200 na kuwasha U2X (hali ya kasi maradufu), rejista ya kasi unaiandikia 8, na kasi halisi inakuwa 8,000,000 kugawanya kwa 72, yaani 111,111. Umechelewa kwa asilimia 3.5. Kikomo salama ni kama asilimia 2. Kwa 38400 kosa ni asilimia 0.2 tu. Kwa hiyo kasi ndogo wakati mwingine ndiyo itakayokufikisha.

Lakini hesabu hiyo inaamini kwamba MHz 8 ni MHz 8. Saa ya ndani ya chipu hii, jinsi inavyotoka kiwandani, inaruhusiwa kukosea hadi asilimia 10, na hubadilika kwa joto na kwa voti. Nilijaribu ubao juu ya paa. Saa tatu usiku ulipakia mara kumi bila kosa. Kesho yake saa saba mchana, bati likiwa halishikiki, ukagoma kabisa. Nikaushusha chini, nikaumwagia upepo wa feni, ukakubali. Nikaupandisha, ukagoma. Nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimeshaandika upya sehemu nzima ya kupokea baiti, bure.

Unaweza kurekebisha saa ya ndani kwa rejista ya OSCCAL, nami nilifanya hivyo kwa wiki moja. Kisha nikaagiza kristali ya MHz 7.3728. Namba inaonekana ya kichaa, lakini igawanye: kwa 16, halafu kwa 115200, unapata 4 kamili. Kwa 9600 unapata 48 kamili. Kosa sifuri, jua liwake lisiwake.

Inajibu, inasema imeandika, lakini hakuna kilichoandikwa

Hapa ndipo nilipolala na chipu mto mmoja kwa siku nne.

Dalili zenyewe: niliiandika butiloda kwa USBasp kwenye chipu tupu. Ikajibu. Nikatuma programu ya kuwasha taa. Ikapokea kurasa zote (flashi huandikwa ukurasa kwa ukurasa), kwa adabu, kila moja ikaitikia. Avrdude alipothibitisha akasema baiti ya 0x0000 ni 0xff. Yaani hakuna kilichoandikwa. Nikaiandika programu ile ya taa kwa USBasp pamoja na butiloda, taa ikawaka vizuri, lakini sasa butiloda haijibu tena hata neno.

Dalili mbili, kila moja inaelekeza kwake. Ya kwanza inasema amri ya kuandika flashi ni mbovu. Ya pili inasema fyuzi ni mbovu. Nilizikagua zote, zote nzima.

Kosa lilikuwa kwenye anwani. Kitabu cha chipu hupima flashi kwa maneno, na neno moja ni baiti mbili. Jedwali linasema eneo la butiloda la maneno 512 linaanzia 0x3E00. Linka ya avr-gcc, inayoipanga programu kwenye anwani zake, hupima kwa baiti. Nilichukua 0x3E00 nikaipachika kama ilivyo:

-Wl,--section-start=.text=0x3E00

ilhali ilitakiwa mara mbili yake:

-Wl,--section-start=.text=0x7C00

Sasa fuatana nami uone jinsi kosa hili lilivyovaa nguo mbili. Chipu ikiwashwa, fyuzi inaipeleka 0x7C00. Huko hakuna kitu, ni 0xFF tupu. Chipu haikwami kwenye utupu. Mara nyingi huupita tu, neno kwa neno, hadi mwisho wa flashi, kisha inazunguka na kurudi sifuri. Kama sifuri nako ni tupu, inaendelea kutembea mpaka inaikuta butiloda katikati, kwenye 0x3E00, na butiloda inaamka na kujibu kana kwamba iko kwake. Lakini amri ya SPM, inayoandika flashi, katika chipu hii hufanya kazi ikitolewa kutoka eneo la butiloda tu. Ikitolewa nje ya hapo, haifanyi lolote wala hailalamiki. Ndiyo maana kurasa zilipokewa na hakuna kilichoandikwa. Na programu kuu ikiwapo pale sifuri, chipu ikizunguka inaikuta hiyo kwanza, inaianza, na butiloda huko katikati haifikiwi kamwe.

Kwa hiyo ukiona programu yako inaenda vizuri na butiloda ni bubu, usiguse siriali. Fungua faili ya heksi, tazama anwani ya mstari wa kwanza. Kwa KB 1 iwe 7C00, kwa baiti 512 iwe 7E00, kwa KB 2 iwe 7800.

Wakati uko hapo endesha avr-size pia. Butiloda yangu ilifika baiti 1042 baada ya kuongeza ujumbe wa salamu. Eneo ni 1024. Salamu niliitoa.

Imepakia, haianzi mpaka uzime na kuwasha

Ukimaliza kuandika ukurasa, sehemu ya programu kuu kwenye flashi hubaki imefungwa isisomwe mpaka uifungue. Katika maktaba ya avr-libc ni boot_rww_enable(). Ukiruka kwenda sifuri bila kuifungua, unaruka gizani. Kuzima na kuwasha hufungua kwenyewe, ndiyo maana dalili hii ina sura hiyo.

Kama umefungua na bado haianzi, au inaanza na kufanya mambo ya ajabu, angalia ulichoacha nyuma. Butiloda iliyowasha taima, siriali au intarapti (ishara za kuikatiza programu) izizime kabla ya kuondoka. Programu kuu huamini kwamba rejista zote ziko kama zilivyo baada ya riseti. Hiyo ni heshima ya mgeni: ukiondoka kwenye nyumba ya mtu, kitanda kiache kilivyokuwa. Butiloda yangu haitumii intarapti kabisa, inauliza rejista kwa kurudiarudia, na siijutii.

Taa inapepesa haraka bila kikomo

Hii ni wachidogi. Kipima-muda hiki kazi yake ni kuipiga chipu riseti programu ikikwama. Watu wengi hawajui kwamba baada ya riseti yake haijizimi. Inabaki imewashwa, tena kwa muda mfupi kabisa, kama milisekunde 16. Butiloda yako ikichelewa kuizima, inapigwa tena, na tena, na taa inapepesa kama kipepeo kwenye kandili.

Mimi niliijenga njia ya kuingilia butiloda juu ya wachidogi hiyohiyo, kwa hiyo nilijipiga mwenyewe. Dawa: mwanzoni kabisa, kabla ya kugusa kitu kingine, soma MCUSR, rejista inayokumbuka sababu ya riseti, na uihifadhi, iandikie sifuri, kisha zima wachidogi. Mpangilio ni huo. Bendera ya WDRF (ya riseti ya wachidogi, humo ndani ya MCUSR) ikiwa bado imesimama, amri ya kuizima haikubaliwi. Na usisahau kuihifadhi thamani ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayokueleza kama umeamshwa na umeme au na wachidogi.

Umeme umekatika katikati ya kupakia

Itatokea. Usijiulize kama. Nilikuwa na kurasa arobaini zimeandikwa kati ya sabini na mbili, umeme ukaenda. Uliporudi, butiloda ilisubiri sekunde zake 3, haikusikia kitu, ikairukia nusu ya programu. Bahati yangu kisanduku kilikuwa bado mezani.

Tangu hapo kuna baiti moja kwenye EEPROM yenye alama ya uzima. Butiloda huifuta kabla ya kugusa ukurasa wa kwanza, na kuirudisha pale tu kurasa zote zimeandikwa na CRC-16 (hesabu ya kukagua makosa) ya programu nzima imelingana. Alama isipokuwapo, butiloda haiendi popote. Inakaa kusubiri hadi uje. Mpangilio ndio kila kitu: ukiandika ukurasa kwanza na kufuta alama baadaye, umebaki na mwanya uleule. Kisha nilikaa nikichomoa waya kwa makusudi, mara thelathini, kwenye kurasa mbalimbali. Usizibe epoksi kabla ya jaribio hili.

Kuna mwenzake mbaya zaidi. Betri ya sola ikishuka polepole, chipu haizimiki ghafla, inalewa. Katika ulevi huo inaweza kutekeleza amri ambazo hukuzitoa, na flashi ikachafuka bila mtu kupakia chochote. Washa kinga ya voti ya chini. Kwa kristali yangu ya MHz 7.3728, kikomo cha voti 2.7 kinafaa, fyuzi ya ziada 0xFD. Kwa MHz 16 na voti 5 weka voti 4.3, yaani 0xFC, kwa sababu kwa kasi hiyo voti 2.7 haitoshi.

Butiloda imetoweka

Ulipakia programu kuu kwa USBasp. Kabla ya kuandika, avrdude hufuta chipu nzima, na butiloda imo humo. Ukitaka zote mbili, andika butiloda kwanza, kisha programu kuu kwa kuongeza -D ili isifute tena.

Kama ilitoweka bila USBasp, imejiandika juu yake yenyewe kwa anwani mbovu. Weka kufuli 0xEF, ambayo huizuia SPM isiguse eneo la butiloda, na uiweke mwisho kabisa. Kuifungua ni kwa kufuta chipu yote.

Walio na ATtiny85 watakuwa wameshaona kwamba nusu ya haya hayawahusu. Chipu hiyo ya KB 8 haina eneo la butiloda wala fyuzi ya kuanzia huko. Butiloda zake, kama Micronucleus, huibadilisha anwani ya mwanzo ya programu yako ielekee kwao, na programu kuu ikiharibika pale mwanzoni hakuna kinga ya chuma. Kwa kitu nitakachokizika kwenye epoksi, mimi siichagui.

Mezani inaenda, gatini haianzi

Hii ilikuja baada ya kila kitu. Kisanduku kimezibwa, kimefungwa nguzoni, kebo ya mita 12 imepanda hadi juu. Nachomeka laptopu, kinafanya kazi. Nachomoa laptopu, naondoka. Kesho yake nahodha mmoja, mtu wa makamo, ananiuliza, "Kijana, mashine yako yalala saa ngapi?" Naenda kutazama: haijarekodi kitu tangu umeme ulipokatika usiku. Nachomeka laptopu kuchunguza, inaamka yenyewe.

Laptopu ilikuwa ndiyo dawa, na hiyo ndiyo iliyokuwa ishara. Adapta ikiwa imechomekwa, waya wa kupokea unashikwa juu. Ikichomolewa, ule waya wa mita 12 unaning'inia hewani kama antena, unaokota kila uchafu, na butiloda inaona baiti zinaingia. Kila baiti ilikuwa inaanzisha upya zile sekunde 3 za kusubiri. Ikasubiri usiku kucha mtu ambaye hayupo.

Butiloda iliyozibwa huwezi kuibadilisha. Nililehemu rezista ya kiloomu 10 kati ya waya wa kupokea na voti 5 kwenye soketi ya juu ya gati, nikaifunika kwa silikoni. Kwenye kisanduku cha pili, kinachokauka mezani ninapoandika, nimeiwasha rezista ya ndani ya PD0, pini ya kupokea, na saa ya kusubiri haianzishwi upya ila kwa neno kamili la kufungulia, si kwa baiti yoyote. Kasi nimeishusha hadi 9600 kwa ajili ya urefu wa kebo. Programu ya KB 9 inachukua kama sekunde 12 kupanda.